Bunduki ya Kimo Changu

Jumanne, 1 Mfunguo Nane, mwaka 1323 — Wadachi wanauita 1905

Nyani wamekula tena upande wa mtoni. Mbaazi changa, maua, kila kitu. Wanaketi kabisa — wanaketi! — wanamenya moja moja bila haraka. Nimepiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Dume lao kubwa limenitazama, likajikuna kwapani, likaendelea kula.

Wanamjua mwanamke. Marehemu mume wangu Likwata alikuwa akisema hivyo, nami nikimcheka. Akitokeza yeye pembeni mwa shamba, hata mikono mitupu, wanatimka wote. Nikitokeza mimi wanaona hakuna mtu. Wiki iliyopita nilivaa kanzu yake na kofia yake. Kanzu ya mwanamume mrefu vile, nikaikunja na kuifunga kiunoni kwa kamba. Siku mbili walikimbia. Siku ya tatu nikajikwaa, kanzu ikafunguka, nikaikanyaga, nikaanguka. Basi. Tangu hapo hata nikivaa kilemba hawajali.

Baada ya alasiri amekuja Ismaili. Huyu ni mdogo wa marehemu, ana wake wawili kule Rutamba, na anaona nyumba yake ina nafasi ya wa tatu. Si mtu mbaya. Huniletea chumvi. Amesema: shemeji, shamba la ukoo haliwezi kuwa la nyani. Mbaazi na muhogo vikiokoka mwaka huu, atawaambia wazee niachwe hapa nilipo. Vikiliwa kama mwaka jana, nihamie kwake baada ya mavuno, na shamba alilime mwanawe. Amesema kwa upole. Angefoka ningepata la kumjibu.

Sitaki kuhamia kwake. Naliandika ili nilione kwa macho: sitaki. Udongo wa kuta hizi niliukanyaga kwa miguu yangu, Likwata akichota maji. Lakini jioni zinanitisha, wallahi. Tangu Ijumaa sikuwa nimesema na mtu mpaka alipokuja yeye kunipa habari hizo. Nilimkawiza kwa uji ili asiondoke upesi.

Alhamisi, 3 Mfunguo Nane

Nimelitoa gobori la Likwata darini. Aliwahi kuangusha ndovu nalo. Nikilisimamisha, mdomo wa mtutu unapita kichwa changu, na bado kuna nafasi ya kofia.

Nikashindilia baruti kama nilivyomwona akifanya — kiasi kilekile. Hilo ndilo kosa. Nikapanda nalo kwenye dungu la kulindia shamba, nikaliegemeza kwenye ubao, nikalenga lile dume, nikavuta.

Nyani walikimbia, ndiyo. Mimi nilikuwa chini ya dungu, chali, kinywa kimejaa vumbi. Taya imevimba. Nililala pale nikingoja mtu aje aniinue. Nikangoja hasa. Kisha nikakumbuka, nikajiinua.

Walirudi kabla sijamaliza kujikung'uta.

Nimeamua. Naenda Lindi kutafuta bunduki ninayoweza kuishika mimi. Gobori nitalitoa kwa kubadilishana, na nta yote iliyomo mtungini. Najua kwamba hilo gobori ni lake. Lakini limelala darini tangu afe, na mimi ndiye niliye hai.

Jumapili, 6 Mfunguo Nane. Lindi

Nimefika na wachukuzi wa mpira wa porini, nyayo zinawaka. Duka la Dawoodbhai liko palepale, karibu na forodha. Aliwahi kununua pembe kwa Likwata. Alipoona nafungua mkeka na gobori likatokea, akainamisha kichwa, akasema Mungu amrehemu. Halafu akaliangalia kwa jicho la biashara. Sawa.

Nikamwambia shida yangu: nataka ya marisau, si ya risasi moja. Nyani hawasimami wakungoje ulenge. Marisau yanatawanyika, hata nikikosea kidogo hupata kitu. Na iwe nyepesi. Na mimi ni hivi unionavyo.

Akaleta ya kwanza. Ya midomo miwili, inafunguka nyuma, tamu kuitazama. Akasema lakini hiyo Wadachi hawampi mwenyeji, ananionyesha tu. Sasa waionyesha ya nini? Akaleta ya pili, ya kushindilia, ndefu na nzito. Nimeinyanyua nikahesabu moyoni mpaka mkono ulipoanza kutetemeka. Sikufika mbali. Ya tatu akaitoa nyuma ya majora ya bafta. Mtutu mmoja, mwembamba, mbao zake nyekundu. Ya kushindilia pia, inawashwa kwa fataki. Akasema: chukua hii mama, nyepesi, utaibeba kama mwiko.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ni nyepesi, lakini itampiga.

Ni Rukhsana, mkewe. Akajitokeza na unga mikononi. Baba yake kule Kilwa alikuwa akiwinda kanga, na yeye alipokuwa msichana alikuwa akienda naye na kupiga. Mumewe akajifanya hasikii. Akanieleza: bunduki nzito inalimeza teke lake yenyewe. Nyepesi haina pa kulimeza, inakupa wewe. Kwa hiyo ukichukua nyepesi, usiitie baruti ya mwanamume. Punguza baruti, punguza marisau, usogee karibu na mnyama. Basi!

Akanifundisha na kupima. Unakunja mkono, unaweka kitako kwenye kiwiko, unaona kama kidole kinafika kwenye kifyatuo. Hakikufika. Kwenye zote tatu hakikufika. Akajaribu yeye — chake pia hakikufika. Tukasimama mgongo kwa mgongo, tukalingana. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alicheka nami.

Nikafikiri. Ile nzito ingenihurumia bega. Lakini nani atainyanyua? Tangu alfajiri mpaka magharibi napanda dungu, nashuka, nakimbia upande wa mtoni, narudi. Bunduki iliyobaki chini kwa sababu imenishinda kubeba haimfukuzi nyani. Nimechukua nyepesi. Dawoodbhai amepokea gobori na nta.

Rukhsana kanilaza jikoni kwake, tumeongea tukichambua mchele. Dada zake wote wako Kilwa. Amesema wanawake wa hapa wanamsalimia dukani, lakini nyumbani kwake hawaingii. Nikamwambia mimi nitaingia. Tumepatana nije tena baada ya mavuno, nimletee mbaazi.

Jumatatu, 7 Mfunguo Nane

Tumekwenda bomani, mimi na Dawoodbhai, kwa sababu bunduki ya mwenyeji haitoki dukani bila chapa. Askari kauliza mwenyewe yuko wapi. Dawoodbhai akaninyoshea kidole. Askari akatazama nyuma yangu.

Ikabidi kueleza: mjane wa Likwata, amerudisha moja, anachukua moja, ya kufukuza nyani. Wakaandika. Askari akatia chuma motoni, akaikandamiza chapa mwishoni kabisa mwa kitako, pale kisiginoni. Moshi, harufu ya ubao na mafuta. Akaniambia nisikie vizuri: bunduki isiyo na alama hii, mwenyewe anafungwa mnyororo. Nikasema nimesikia.

Alhamisi, 10 Mfunguo Nane. Nyumbani

Nimeijaribu. Baruti kidogo, kama alivyosema Rukhsana. Teke si baya. Ubaya uko kwenye kitako — ni kirefu kwangu. Bega langu liko huku, kifyatuo kiko kule, na mikono niliyopewa ni hii. Inabidi niibane chini ya kwapa. Shavu halifiki kwenye ubao, kwa hiyo silengi, nabahatisha. Nimepiga juu ya mkwaju. Majani yameanguka mengi sana.

Ningepumbaza nyani kwa kelele tu, lakini kelele wamekwisha kuizoea. Wakigundua kwamba hii nayo haiumi, nimekwisha.

Jumatatu, 14 Mfunguo Nane

Hakuna mtu leo. Wala jana. Nimewasemesha kuku.

Ijumaa, 18 Mfunguo Nane

Siku njema! Nimempelekea Tomaso bunduki. Ni Mmakonde anayekaa ng'ambo ya mto, fundi wa vinu na milango, na vitako vya bunduki akiletewa. Aliwahi kukaa kwa mapadre, ndiyo maana ya jina. Anaongea bila kupumua. Kabla sijaketi nimekwisha kujua habari za meno yake, mbuzi wake, na Padre aliyeogopa chura.

Nikamwambia: kikate hiki kitako. Akachukua uzi, akapima kutoka kiwikoni mpaka kidoleni. Akasema nikae kama ninavyompakata mtoto, ili aone bega linavyokaa. Nikasema sijapata kumpakata mtoto. Akanyamaza. Kwake yeye kunyamaza ni jambo kubwa. Halafu akasema basi, kama unavyobeba kuni.

Akakata kwa msumeno upande wa nyuma, kipande kipana cha vidole vinne. Akasugua kwa majani ya msasa mpaka ubao ukawa laini, akapaka mafuta ya nazi. Nikaweka begani. Imekaa. Shavu likalala lenyewe kwenye ubao, jicho likaona mtutu wote umenyooka mbele yangu, na kidole kikafika bila kuvutwa. Sijui nieleze vipi. Maisha yangu yote vitu vya watu wengine vinanipwaya — jembe, kinu, kanzu, kitanda. Hiki ni cha kwangu.

Tomaso alitaka kile kipande achonge kitana. Nikasema niachie, nina muhogo wa kupika. Nimekitia jikoni pamoja na kuni nyingine, muhogo umeiva nacho. Mti wa Ulaya unanukia vizuri ukiungua.

Jumanne, 22 Mfunguo Nane

Nimempata! Si dume, ni jike moja kubwa, na mwingine kajeruhiwa mguu. Wamekimbia kama walivyokuwa wakimkimbia Likwata — bila kutazama nyuma. Dume limesimama ng'ambo, likanitazama muda mrefu. Ndiyo, ni mimi. Jifunze.

Bega haliumi hata kidogo.

Niligeuka ili nimwambie. Nimegeuka kabisa, mdomo wazi, jina lake tayari kwenye ulimi. Nikabaki hivyo juu ya dungu. Kisha nikashuka kwenda kumwondoa yule nyani, maana ilikuwa kazi ya kufanya.

Jumapili, 27 Mfunguo Nane

Ismaili amekuja, akazunguka shamba zima. Mbaazi zimesimama, muhogo haukufukuliwa hata shina moja. Amesema: shemeji, umetuweza. Atasema na wazee. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia, nikamwandalia uji.

Lakini alikuwa na lake. Alipoketi aliketi upande mmoja. Nikamuuliza. Amechapwa viboko kwenye shamba la pamba la akida, kwa kuchelewa kwenda kupalilia. Yeye, mtu mzima mwenye wajukuu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba Umatumbini kuna dawa. Maji. Ukiyanywa na kunyunyiziwa, risasi za Wadachi zinageuka maji. Watu wanaenda kwa makundi.

Nikamwuliza, imejaribiwa? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Nikasema najua tu kwamba marisau yangu hayakugeuka. Hakucheka. Zamani alikuwa akicheka.

Ijumaa, 2 Mfunguo Tisa

Mbaazi za upande wa juu zimekauka. Nimeanza kuchuma. Peke yangu — mwaka jana walikuja wanawake wanne kusaidia, tukala pamoja. Nilipeleka neno. Hawakuja. Labda wana kazi.

Jumatano, 7 Mfunguo Tisa

Hawana kazi. Wanapita njiani na vibuyu, wanarudi na nyuzi za dawa shingoni. Wanasema upande wa Kilwa maduka yameungua na pamba imeng'olewa. Nawasalimia. Wanaitikia huku wanatazama bunduki, kisha wanatazama chini. Zamani walikuwa wakinicheka, mwanamke mfupi na bunduki. Nilikuwa nakasirika. Sasa natamani mmoja anicheke.

Jumatatu, 12 Mfunguo Tisa

Tarishi wa akida amepita leo. Amri: kila mwenye bunduki aipeleke kwa akida Ijumaa ikaguliwe chapa. Yenye chapa itaandikwa upya. Isiyo na chapa ni ya waasi, na mwenyewe atafungwa kama mwasi. Na aliyeandikwa bomani kwamba ana bunduki asipoileta, itahesabiwa kwamba amewapa watu wa maji. Alisema yote haya akiwa amesimama, jasho linamtoka, macho kichakani. Akaitazama yangu ubavuni pangu, akasema hata hiyo ndogo. Akaondoka mbio.

Nikaichukua nikaipangusa vumbi, niione chapa yangu.

Nimeigeuza. Nikaigeuza tena. Ubao laini, unang'aa mafuta ya nazi, hauna hata mkwaruzo.

Niliiona ikichomwa kwa macho yangu. Nilikuwepo. Na Tomaso alipopitisha msumeno nilikuwa nimekaa mbele yake naangalia bega langu tu.

Jumanne, 13 Mfunguo Tisa

Nimefukua majivu jikoni. Najua kwamba ni upuuzi. Nimefukua mpaka chini.

Alhamisi, 15 Mfunguo Tisa

Nimekwenda kwa Tomaso, anipe ushahidi kwamba ni yeye aliyekata. Mlango wazi. Kinu alichoanza kimelala, nusu kimechongwa, shoka limechomekwa ndani yake. Mbuzi hawapo. Nimeita mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa tayari kusikiliza habari za meno yake kwa siku nzima.

Nimewaza hivi. Nikiipeleka kesho, haina chapa, mimi ni mwasi. Nisipoipeleka, nimewapa waasi. Nikiitupa mtoni ni yale yale. Anayeweza kusema ni Dawoodbhai. Aliisimamia mwenyewe pale bomani, anaijua ile mbao nyekundu. Bunduki nitaificha kwenye makuti, maana nikikutwa nayo njiani sifiki. Naenda Lindi alfajiri.

Jumapili, 18 Mfunguo Tisa

Duka limefungwa. Kufuli mbili na ubao umepigiliwa juu. Mzee mmoja wa mtaa wa Rasbura amenieleza: Wahindi wengi wamepanda chombo kwenda Unguja mpaka mambo yatulie. Dawoodbhai na nyumba yake Jumatano. Nimeuliza kama mkewe aliacha neno. Amenishangaa. Neno kwa nani?

Nilikuwa nimembebea mbaazi, kikapu kidogo. Nimekaa nacho barazani pake.

Nikajikaza kwenda bomani. Nikafika mpaka karibu na lango. Walikuwa wameleta watu kutoka bara, wamefungwa shingo kwa shingo, na magobori yamelundikwa chini kama kuni. Askari anayashika moja moja, anageuza kitako, anatazama, anatupa kulia au kushoto. Mwanamume mmoja alikuwa akieleza jambo, anaeleza, anaeleza, kwa adabu kabisa. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Nikaona jinsi nitakavyokuwa: Tomaso, uzi, bega langu, kitako kirefu. Nani atakaa asikie habari ya bega langu?

Nimegeuka. Mbaazi nimempa yule mzee wa Rasbura.

Niko njiani kurudi; mpaka sasa sijakutana na mtu anayekwenda ninakokwenda.

Alhamisi, 22 Mfunguo Tisa

Ismaili, mchana. Ana uzi wa punje shingoni na kitambaa kichwani, na usoni amepakwa kitu cheupe. Nimemtambua kwa namna alivyoketi upande mmoja.

Ameniamkia vizuri. Amesema, shemeji, tunaihitaji bunduki.

Nikasema si dawa inatosha? Akasema dawa ni ya kuzuia, bunduki ni ya kupiga. Nikamwambia kitako chake kimekatwa kwa bega langu, mwanamume akiiweka begani itamvunja pua. Akasema watarefusha. Nikasema nikikupa, akida atasema nimewapa. Akasema akida amekwisha kukimbilia pwani, usimwogope. Nikasema Wadachi watarudi. Akasema hawatarudi. Anaamini. Nilimtazama machoni, anaamini kweli kweli, na vidonda vyake bado havijapona.

Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa. Amesema: shamba ni lako sasa, shemeji, wazee wamekubali, hata kama wasingekubali hayupo wa kulidai. Njoo lakini ukae nasi. Wake zangu wamekutengea mahali. Mwanamke peke yake porini na bunduki — sisi tutasema mpelelezi, askari watasema mwasi. Njoo.

Sauti yake ilikuwa ya Likwata kidogo pale mwishoni. Nilikuwa karibu kunyanyuka.

Nimesema nina mbaazi za kuchuma.

Akasimama. Akasema Jumatatu atapita tena na wenzake, na hao wenzake si watu wa kuomba. Amesema hivyo akitazama chini. Kisha akachukua kikapu akachuma nami mstari mzima, na punje zake zinagongana shingoni. Akaenda zake.

Jumamosi, 24 Mfunguo Tisa

Mbaazi zimejaa ghalani, zimejaa kitandani, nalala mkekani. Sijapata kuvuna hivi hata Likwata alipokuwa hai. Nani atakula?

Nyani hawaji tena. Mwanzo nilijisifu. Leo nimefahamu kwamba wamehamia mashamba ya kijijini, kule hakuna mtu wa kuwafukuza. Nasikia makelele yao mbali, wanagombana, wanafurahi. Rutamba hakutoki moshi wa jikoni hata mmoja.

Nimeitoa bunduki kwenye makuti. Nimekwenda nayo mtoni kuitupa. Nikasimama. Nikaiweka begani mara moja tu ya mwisho, ikakaa, shavu likalala pale pale. Nimerudi nayo. Niite mpumbavu — nani ataniita?

Jumatatu, 26 Mfunguo Tisa

Niko juu ya dungu tangu kulipokucha. Upande wa bonde la Lukuledi kuna moshi mwingi, mweusi, si wa kuchoma shamba. Chungu nimekiteleka hapa chini, maji yanaanza kusikika.

Nilikuwa nimepanga vizuri. Nikimwona Ismaili na watu wake, nashuka upande wa nyuma, napita muhogoni, naingia msituni na bunduki. Nikiwaona askari, vivyo hivyo. Kibuyu cha maji kiko tayari, na kifurushi cha mbaazi zilizokaangwa. Njia naijua. Nimeshindilia — kidogo, kiasi changu.

Ndege wameruka ghafla karibu na mto. Kuna mtu kwenye njia.

Naandika huku namtazama. Ni mmoja, au wa mbele ndiye ninayemwona, majani yanaficha. Anakuja polepole. Jua liko nyuma yake, sioni kama amevaa kofia ya askari au kitambaa. Sasa ndio wakati wa kushuka. Nimejiambia mara mbili: Adija, shuka.

Nimeshuka. Lakini nimeshuka upande wa mbele. Nimeongeza maji chunguni na konzi mbili za unga, maana ule wa kwanza ulikuwa wa mtu mmoja. Nimepanda tena, bunduki mapajani. Nataka niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayeusoma: nilipomwona, kabla ya kuogopa, nilifurahi.

Amefika penye migomba. Amesimama. Bado hajapiga hodi, nami nimekwisha kujitengeneza ushungi.